Macho Hutangulia Fedha: Mwongozo wa Kuipata Vectrex

Msomaji azizi, ikiwa umepata habari za mashine ya michezo iitwayo Vectrex, na nafsi yako imeingiwa na shauku ya kuwa nayo, nakusihi usianze kwa kuhesabu fedha, bali uanze kwa kutafuta mahali ambapo utaiona ikiwaka. Mashine hii ilitolewa kwa wanunuzi wa Marekani mwezi wa Novemba 1982, ikaondolewa sokoni mapema mwaka 1984, hivyo kwamba umri wake wote wa dukani haukutimia hata miaka miwili; na hata hivyo wako watu waliokaa na tamanio lake kifuani kwa miongo, wakaja kuipata wakiwa na mvi. Nimewauliza wengi kati yao ilivyokuwa mara ya kwanza, na aghalabu jawabu huanza kwa neno moja: niliiona. Katika neno hilo imo hekima yote ya mwongozo huu, nami nitajitahidi kuieleza kwa utaratibu, ili usije ukatoa mali yako kwa pupa ukabaki na majuto.

Kwanza, fahamu unachokitafuta

Televisheni ya kale, ile ambayo watu wetu huiita TV ya chogo, hutengeneza picha kwa mwale mmoja unaopita safu baada ya safu, kutoka juu hadi chini, kama mfumaji apitishavyo uzi katika kitambaa, asiruke hata safu moja ijapokuwa safu hiyo haina ua. Vectrex nayo ina tyubu ya chogo, lakini mwale wake haufumi. Unakwenda moja kwa moja pale penye mstari, unauchora, unazimika, unarukia mstari mwingine, kama mkono wa fundi wa piko juu ya kiganja cha bibi harusi, ambao haugusi ngozi isipokuwa mahali penye ua. Kwa sababu hiyo mistari yake haina ngazi wala vijiwe. Imenyooka, ni myembamba, na inang'aa juu ya kiza kitupu kwa mng'aro ambao kamera huupunguza, na ambao kioo cha siku hizi, kilichopangwa kwa vitone, hakiwezi kuuonyesha kwa ukamilifu. Ndiyo maana nasema kwamba picha ya Vectrex si shahidi wa kutosha, na aliyeiona katika picha tu hajaiona bado.

Mashine yenyewe ni sanduku jeusi lililosimama wima, lenye kioo cha inchi 9 ndani yake, kwa hiyo haihitaji televisheni. Chini ya kioo pana nafasi ambamo kidhibiti chake hujikunja na kushikamana na mwili, na kidhibiti hicho kina kijiti kinachorudi chenyewe katikati pamoja na vitufe 4. Kijiti hicho si cha kusukuma upande huu au ule tu, bali hutambua kiasi cha msukumo wa mkono, jambo lililokuwa nadra majumbani kwa wakati ule. Ndani mna akili ya Motorola 6809 na kumbukumbu ya kilobaiti 1, kiasi ambacho leo hakitoshi kuhifadhi sahifa moja ya maandishi. Na mna mchezo mmoja ambao haukutaka kaseti, uitwao Mine Storm, uliokwishatiwa kiwandani. Rangi haina. Kila mchezo ulikuja na kiwambo cha plastiki chembamba, chenye rangi na michoro, ambacho mchezaji alikipachika mbele ya kioo ili mistari myeupe ionekane kana kwamba imetiwa buluu, nyekundu au kijani.

Asili yake ni California, katika karakana ya Western Technologies ya Jay Smith, mtu aliyekuwa amekwisha kubuni Microvision, mchezo wa mkononi wenye kubadilishwa kaseti, uliotolewa na kampuni ya Milton Bradley mwaka 1979. Wazo la Vectrex lilianza mwaka 1980 kwa tyubu ndogo sana, na kampuni ya Kenner iliyotaka kulichukua ikabadili nia; ndipo General Consumer Electronics, maarufu kwa jina la GCE, ilipolipokea na kutaka kioo kikuzwe hadi kufikia inchi 9. Mwezi wa Juni 1982 ikaonyeshwa katika maonyesho ya Chicago, na miezi michache baadaye ikawa madukani kwa dola 199.

Pili, jifunze kwa waliotangulia

Watu waliipata mashine hii kwa milango mitatu, na kila mlango una fundisho lake kwa wewe unayekuja nyuma.

Mlango wa kwanza ulikuwa ni wa duka. Vectrex haikuhitaji kuunganishwa na chombo kingine, basi muuzaji aliiweka juu ya meza, akaiwasha, na mtoto aliyeingia dukani pamoja na mzazi wake kwa haja nyingine akasimama hapo asitake kuondoka. Majumba ya michezo ya siku zile yalikwisha kumzoesha mistari ya nuru kwa michezo kama Asteroids wa mwaka 1979, ila hakupata kudhani kuwa nuru ya namna ile ingeweza kuingia nyumbani. Fundisho la mlango huu ni kwamba Vectrex ilijitangaza kwa kuwaka kwake. Nawe usikubali kuuziwa ile isiyowaka.

Mlango wa pili ulikuwa ni wa hasara ya wengine. Mwaka 1983 Milton Bradley iliinunua GCE, ikaipeleka Vectrex Ulaya, na kampuni ya Bandai ikaiuza Japani kwa jina la Kousokusen. Lakini mwaka huohuo soko la michezo ya video la Marekani lilianguka, maduka yakajaa bidhaa zisizo na mnunuzi, na bei ikateremka daraja kwa daraja mpaka ikafika dola 49. Wazee waliosema "la" kwa dola 199 walisema "haya" kwa bei hiyo, na watoto wengi waliokwisha kata tamaa walipewa Vectrex katika siku zake za mwisho, wakati ambapo kaseti mpya zilikuwa zinakoma kuja. Fundisho lake ni subira: kitu hiki hakikuwa na bei moja, wala leo hakina bei moja, na mwenye kungoja hupata fursa ambayo mwenye haraka aliipita.

Mlango wa tatu, ambao ndio ulio wazi hadi leo, ni wa vitu vilivyosahauliwa: darini, stoo, kwenye minada ya mali za marehemu, na katika masoko ya Jumapili ya Uingereza ambapo watu huuza vitu vyao vikuukuu nyuma ya magari. Hapa nitakusimulia niliyoyaona mwenyewe, kwani ndiko nilikoanzia.

Nilikuwa mgeni katika nyumba ya mjomba wangu mmoja mjini Leicester, mzaliwa wa Mombasa aliyehamia Uingereza ujanani. Usiku, baada ya chai, niliona sanduku jeusi juu ya kabati, nikamwuliza, "Mjomba, televisheni ndogo hii yaonyesha stesheni gani?" Hakunijibu. Alizima taa ya sebuleni, akaliteremsha sanduku, akazungusha kitufe cha mbele, na baada ya sekunde chache kikasikika kimuziki kifupi, na jina la Vectrex likajichora gizani kwa mistari myeupe. Kisha vikatapakaa vitone vya mabomu, na chombo kidogo cha angani kikasimama katikati. "Hii si televisheni, mjomba," akasema. "Shika."

Tulipokwisha kucheza akanihadithia. Aliiona mara ya kwanza mwaka 1983, katika dirisha la duka la vitu vya watoto, naye wakati huo ni kijana wa kazi za viwandani asiye na fedha za kuchezea. Akasimama nje, kwenye baridi, mpaka muuzaji alipoizima. Ikapita miaka zaidi ya ishirini. Asubuhi moja ya Jumapili akapita kwenye soko la nyuma ya magari, akakuta bibi mmoja ameiweka chini, baina ya pasi na ndoo ya vijiko, naye anaiuza kwa bei ya chini kabisa kwa kudhani ni televisheni mbovu, maana haina tundu la anteni. Watu walikuwa wakiipita. Mjomba wangu hakuipita, kwa sababu macho yake yalikuwa yakiijua. Na alipolipa alimweleza yule bibi ni kitu gani, akamwongeza fedha juu ya alizotaka, kwani alisema hakupenda furaha yake iwe na deni. Yashike yote mawili, msomaji wangu: maarifa yaliyomwezesha kuitambua, na insafu iliyomfanya asimdhulumu asiyejua.

Tatu, fanya yafuatayo kabla ya kutoa fedha

Hapana budi uione ikiwaka. Ukiwa mbali na muuzaji, mwombe akupelekee video isiyokatwa, inayoanza mashine ikiwa imezimwa, ikaendelea hadi mchezo uanze na kidhibiti kitumike. Muuzaji mwenye nia njema hachukizwi na ombi hili.

Nasema hivyo kwa machungu, kwani yangu ya kwanza niliinunua kwa picha nne tu, kutoka kwa muuzaji wa mbali aliyesema kwamba hakuwa na namna ya kuijaribu. Ilipofika nikaiwasha, na badala ya jina na muziki nikaona kitone kimoja cha nuru kali katikati ya kioo, kimetulia tuli. Sikujua kuwa hiyo ni alama ya hatari: maana yake mwale umekosa nguvu ya kuupeleka huku na huko, basi unaipiga sehemu moja ya kioo, na ukiuacha kwa muda huiunguza ikabaki na kovu lisilotibika. Niliiangalia kwa mshangao kwa dakika nzima kabla ya kuizima, na kovu lile lingalipo hadi leo. Wewe ukiona kitone namna hiyo, zima papo hapo, ndipo uulize.

Inapowaka, angalia mambo haya kwa utulivu:

1. Mistari. Iwe imenyooka, na pembe zake zikutane. Picha iliyosinyaa, au iliyopinda upande mmoja, huashiria vipande vya umeme vilivyochoka, au marekebisho ya ndani yaliyoyumba.

2. Sauti. Utasikia mvumo, nao hubadilika kadiri michoro inavyobadilika. Usishtuke; mashine nyingi, hasa za mwanzo, zilitoka kiwandani na mvumo huo, kwa kuwa nyaya za sauti hazikukingwa vizuri. Mvumo si ubovu, lakini ukimya mtupu ni ubovu.

3. Mwangaza. Kitufe chake kiko nyuma. Mwombe muuzaji akiteremshe mpaka mistari ififie, kisha akipandishe taratibu. Kioo kinachohitaji mwangaza uinuliwe mpaka mwisho ndipo kionekane, kimechakaa.

4. Kidhibiti. Jaribu kijiti kila upande na vitufe vyote 4, na kagua waya wake uliojisokota mahali unapoingia, kwani hapo ndipo hukatika. Mashine bila kidhibiti huonekana rahisi, mpaka ukitafute kidhibiti peke yake.

5. Tundu la kaseti, lililo upande wa kulia. Iwapo muuzaji ana kaseti yoyote, aipachike, awashe tena. Mine Storm peke yake hauthibitishi uzima wa tundu.

6. Viwambo. Kile cha Mine Storm kilikuja ndani ya kasha la mashine, na vingine pamoja na kaseti zake. Plastiki yake hukwaruzika na kupinda, kwa hiyo kaseti iliyo na kiwambo chake kizima ina thamani zaidi ya kaseti tupu.

Usije ukamlaumu muuzaji ikiwa Mine Storm utakwama ukifika uwanja wa 13. Kasoro hiyo imo katika programu yenyewe tangu kiwandani, na walioilalamikia zamani waliletewa kaseti iliyosahihishwa, Mine Storm II, ambayo leo ni adimu mno.

Nne, umeme na safari

Kuna neema moja kwetu sisi wa Afrika ya Mashariki ambayo wengi hawaikumbuki. Mashine nyingi za zamani kutoka Marekani hutupa taabu kwa kuwa picha zao hazikubaliani na televisheni zetu. Vectrex, iliyobeba kioo chake, haina taabu hiyo hata chembe. Linalobaki ni umeme. Soma maandishi ya nyuma ya sanduku: ya Marekani hutaka volti 120, nawe ukiichomeka katika umeme wa Tanzania wa volti 230 au wa Kenya wa volti 240 bila transfoma ya kuteremsha, utaiua siku ile ile. Iliyouzwa Uingereza hutumia umeme wa aina yetu, na plagi ya Kiingereza ya meno matatu ya mraba ndiyo hiyohiyo ya soketi zetu. Basi mwenye ndugu Uingereza ana njia nyepesi kuliko mwenye ndugu Marekani, na ni vyema umwagize mtu atakayekwenda kuiona kwa macho yake.

Katika kuifunga, kumbuka kwamba ni kioo na chogo. Kidhibiti kitolewe, kifungwe peke yake. Sanduku lizungushiwe povu nene pande zote, litiwe katika kasha, na kasha hilo litiwe katika kasha jingine lenye nafasi ya kujazwa pamba au magazeti. Nyuma ya tyubu kuna shingo nyembamba, na pigo moja la kuangushwa laweza kuivunja hata kama mwili wa nje haukupata mkwaruzo. Ulizia ushuru wa forodha kabla ya mzigo kuondoka, uuongeze katika hesabu yako, kwani bei ya dukani si bei ya mlangoni kwako.

Tano, ikikufikia

Ikiwa ina hitilafu, usiifungue mwenyewe. Tyubu ya chogo hubeba umeme mkali, na huendelea kuuweka hata baada ya kuchomolewa. Mafundi wamepata kutupwa chini nao. Mtafute fundi wa makamo aliyezitengeneza TV za chogo kwa mikono yake kabla hazijaondoka majumbani. Yangu niliipeleka kwa fundi wa namna hiyo, ambaye hakupata kuisikia Vectrex maishani mwake. Aliifungua, akainamia bodi kwa miwani na tochi, akapitisha ncha ya kalamu juu ya nukta za risasi, moja baada ya moja, mpaka akafika kwenye nukta iliyokuwa na mzunguko mwembamba mweusi kama nywele, pale ambapo risasi ilikuwa imeachana na mguu wa kipande chake. "Njoo uone, kaka," akaniambia, "ugonjwa wenyewe ni huu." Akailehemu upya pamoja na nyingine tatu, na jina likajichora. Maarifa ya watu hawa yanaondoka pamoja nao. Ukimpata, mlipe vizuri na umheshimu.

Iweke mbali na dirisha linalopokea hewa ya bahari, kwa maana chumvi na unyevu hula miguu ya vyuma, na uifunike kwa kitambaa isipotumika. Mwangaza usiupandishe kupita haja. Usiiache ikionyesha mchoro uliotulia.

Kuhusu kaseti, zile rasmi ni takriban 30 tu, na baadhi yake zimekuwa ghali. Usihuzunike. Katika miaka ya 1990 Jay Smith, ambaye haki za mashine zilikuwa zimerejea mikononi mwake, aliruhusu programu zake zinakiliwe bure kwa matumizi yasiyo ya biashara, na ukarimu huo ukaamsha uhai mpya: mwaka 1996 John Dondzila alitoa Vector Vaders, mchezo mpya kwa mashine iliyokwisha kuondoka madukani miaka 12 nyuma, na wengine wakamfuata hata leo. Ziko pia programu zinazoiiga Vectrex ndani ya kompyuta, nazo ni halali na zafaa kujifunzia michezo kabla ya kununua kaseti. Lakini kioo cha kompyuta yako kitakupa umbo la mstari, hakitakupa nuru yake.

Na ikiwa leo huna uwezo wa kununua, basi kuona kuna thamani yake. Makumbusho ya The Strong ya mjini Rochester, New York, yanaihifadhi mashine hii katika hazina yake. Ndugu aliye karibu na makumbusho ya namna hiyo, huko au Ulaya, na aulize kwanza kama imewekwa hadharani, na kama inawashwa.

Mwisho nina wasia mmoja. Siku utakayoipata, usiifungie chumbani. Mwite mtoto wa jirani, au mpwa wako, au yeyote apitaye mlangoni baada ya magharibi. Zima taa, washa mashine, umpe kidhibiti kabla ya kumpa maelezo. Mjomba wangu alisimama kwenye baridi mbele ya dirisha lisilo lake, akaondoka mikono mitupu, na bado kuona kule peke yake kulimtosha kuitambua baina ya pasi na ndoo ya vijiko miaka ishirini na zaidi baadaye. Humjui ni nani, miongoni mwa hao utakaowaonyesha, atakayepita siku moja penye lundo la vitu vilivyotupwa, akaliona sanduku jeusi lisilo na tundu la anteni, akainama kuliokota.